"Zilipendwa" na Ufinyu wa Muziki katika Redio Zetu

Katika lugha yetu kiambishi kidogo chaweza kubeba hukumu kubwa. Stesheni za redio za biashara za Dar es Salaam zina desturi ya kukusanya nyimbo za dansi za miaka ya 1960 hadi 1980 chini ya jina moja, "zilipendwa", na kuzitengea saa chache, aghalabu mwisho wa juma. Saa zilizobaki hutawaliwa na Bongo Fleva, na katika hiyo ni nyimbo chache tu zirudiwazo asubuhi hata usiku. Nia yangu hapa ni kulichunguza jina hilo, kwani naona ndani yake ndimo ulimo ugonjwa wenyewe.

Tazama umbo la neno. Kiambishi -li- chatuambia kwamba mapenzi yamekwisha. Kauli ya kutendwa yatuficha mpendaji. Nani alizipenda, na nani aliyeacha? Hatuambiwi. Mwaka jana niliwauliza wanafunzi wangu swali hilo. Mmoja alijibu kwamba hawezi kusema ameacha kuupenda muziki ambao hajapata kuusikia hata mwisho. Jibu lake lilinikaa moyoni.

Hakika, wimbo wa dansi wa zamani aghalabu una sehemu mbili. Kwanza mwimbaji husimulia taratibu: barua, wosia, ugomvi wa nyumba. Kisha magitaa na matarumbeta huingia katika chemko, na hapo ndipo wachezaji hupata haki yao. Wimbo mmoja waweza kuchukua dakika saba au nane. Mtangazaji, mwenye tangazo la sabuni mbele yake, huukata chemko kinapoanza. Msikilizaji hupewa kichwa pasipo kiwiliwili, kisha huambiwa kwamba wimbo ule umepitwa na wakati.

Kinachopotea si sauti tu. Bendi ya DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, iliuita mtindo wake Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, na kuuongezea sifa ya "ngoma ya ukae", yaani ya nyumbani. Aliyelisikia neno hilo Kariakoo alipata somo la isimu bila ya kuingia darasani: kwamba lugha za wenyeji wa Pwani zingali hai ndani ya Kiswahili cha mjini. Taarab nayo hufundisha fumbo, vina na mizani. Ama zeze na marimba ya Wagogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose (aliyefariki mwaka 2003) aliyapeleka mpaka Ulaya, hayo hata jina la "zilipendwa" hayakupewa. Kila namna ya muziki ni namna ya kusema, na redio ikibakiza namna moja, imekipunguza Kiswahili chenyewe.

Wenye stesheni hujibu kwamba wao huishi kwa matangazo ya biashara. Wenye matangazo huwataka vijana, na vijana huitaka Bongo Fleva. Silidharau jibu hilo, wala siidharau Bongo Fleva, iliyowapa vijana wetu sauti na kukivusha Kiswahili mipaka mingi. Lakini hoja hiyo yazunguka kama ngamia wa kinu. Mtu haombi wimbo asioujua. Naye asipouomba, huhesabiwa kuwa ameukataa.

Wala tusijidanganye kwamba zamani mambo yote yalikuwa mema. Kabla sheria ya mwaka 1993 haijafungua mlango wa redio binafsi, mashairi ya bendi yalikaguliwa Radio Tanzania ndipo yarekodiwe. Na mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Hata hivyo, redio ile ile ilirekodi dansi, taarab, kwaya na ngoma za mikoani. Aliyeshika mkasi alishika na kapu. Soko la leo limerithi mkasi peke yake.

Sitaki sheria mpya. Nataka jaribio dogo: wimbo wa zamani upigwe mchana wa siku ya kazi, kati ya nyimbo mpya mbili, upigwe mpaka mwisho wa chemko, na mtangazaji ataje mtunzi na bendi, asitaje "zilipendwa". Hapo wasikilizaji wenyewe ndio watakaochagua kiambishi kifaacho.