Moto wa Juu, Moto wa Chini

Ukitaka kujua ngano inavyopendwa Kawempe, hapa Kampala, pita jioni Kalerwe au Wandegeya, uwaangalie vijana wa rolex. Chapati inageuzwa, yai linamiminwa, kabichi na nyanya zinafuata, na mteja anaondoka na chakula chake kabla hajahesabu chenji. Ni ufundi, tena wa haraka. Sifa zangu leo, hata hivyo, naupa ufundi wa ngano ya taratibu: mkate uokwao nyumbani juu ya sigiri, yaani jiko la makaa.

Mahitaji yake hayamtishi mtu: unga wa ngano, maji, chumvi, sukari kidogo na hamira, ambayo wapo wenye maduka wanaokupimia kijiko tu kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki. Maji yawe vuguvugu. Yakiunguza kidole yataiua hamira, kwa kuwa hamira ni kiumbe hai, jambo alilolionyesha Louis Pasteur tangu miaka ya 1850. Ukianza kukanda, unga hung'ang'ania vidole. Ukivumilia dakika 10 hivi, unaachia mkono wenyewe. Vuta kipande kiwe chembamba: kikipitisha mwanga bila kuchanika, kitaweza kushika hewa.

Hapo donge hufunikwa na kusubiriwa. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi na hali yake ni ya joto, hivyo donge huumuka mapema kuliko vinavyosema vitabu vya nchi za baridi. Anayetazama saa badala ya donge atakula mkate mchachu uliobonyea. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi upesi, bado, likirudi polepole, tayari, lisiporudi, umechelewa.

Kazi yenyewe iko kwenye moto. Ndani ya sufuria kubwa hutandazwa mchanga mkavu, juu yake hukaa sufuria ndogo yenye donge, kisha kifuniko bapa, kisha makaa. Makaa mengi huwa juu, machache chini, maana joto la chini hupanda lenyewe na kitako cha mkate ndicho kinachowahi kuungua. Sigiri haina kitufe cha kupandisha wala kushusha. Jirani yangu wa Bwaise hupima kwa pua. Binti yake aliwahi kumuuliza, “Mama, tufunue?” Akajibu bila kugeuka, “Ngoja mwanangu, bado unanukia unga.” Harufu ilipogeuka ikawa ya ganda lililokaangika, ndipo akashika koleo.

Wako wanaoiona njia hii kuwa ya asiye na oveni. Lakini Novemba 2006, gazeti la The New York Times lilichapisha njia ya Jim Lahey, mwokaji wa New York, ya kuoka mkate katika chungu kizito kilichofunikwa. Wapishi wa nyumbani wenye oveni nzuri waliipokea kwa shangwe. Siri yake ni mvuke: ule unaotoka kwenye donge hubaki ndani, ganda likachelewa kukauka, mkate ukapata nafasi ya kupanda. Ndivyo inavyofanya kazi sufuria yenye kifuniko hapa Kawempe.

Sisemi kwamba mkate huu ni wa bure. Uganda hulima ngano kidogo, kwa mfano kule Kapchorwa, na nyingi hununuliwa nje. Vita vya Ukraine vya 2022 vilipopandisha bei ya ngano duniani, hata mnunuzi wa kilo moja mtaani aliumia. Makaa nayo yana bei yake. Ukipiga hesabu, huenda mkate wa dukani ukawa nafuu. Lakini wa dukani haukufundishi kitu. Anayetaka kujifunza asisubiri pesa za oveni; amtafute mama wa jirani anayejua kupalia makaa, achukue kilo ya unga, akae karibu naye, na asiguse kifuniko mpaka aambiwe.