Kabla ya Kusifu Maonyesho ya Picha: Nini cha Kuangalia Ukumbini

Mwaka 2011, walioingia katika jumba la picha la Foam, Amsterdam, walikuta vilima vya picha vimeegemea kuta na kufunika sakafu. Mholanzi Erik Kessels alikuwa amekusanya picha zilizopandishwa kwenye mtandao wa Flickr kwa saa 24, akazichapa kwenye karatasi, akazimwaga vyumbani. Kwamba dunia inapiga picha kupita kiasi kila mtu alikuwa anajua. Pale Foam watu waliisikia habari hiyo kwa miguu, maana iliwabidi watafute pa kupita.

Mtu anayetaka kuyapima maonyesho ya picha yanayodai kuhoji namna tunavyoona katika zama za dijitali aanzie hapo: ukumbi unampa nini ambacho simu yake haimpi? Maonyesho mengi huangukia kwenye swali hili. Waandaaji hutundika skrini kadhaa, huandika mlangoni maneno mazito ya teknolojia, na mgeni hutoka akiwa ameona yaleyale aliyoyapitia asubuhi kabla hajaamka kitandani.

Baada ya hapo, umbali. Mjerumani Thomas Ruff anastahili kusomwa kwa makini na yeyote anayependa sanaa hii. Katika mfululizo wake uitwao jpegs, alichukua picha ndogo za intaneti, zikiwemo za minara ya New York iliyoshambuliwa mwaka 2001, akazikuza hadi kupita mita 2. Mfumo wa jpeg hupunguza uzito wa picha kwa kuigawa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa yale ambayo jicho haliyakosi sana. Kwenye simu miraba hiyo haionekani. Mbele ya kazi ya Ruff, aliye mbali anaona moshi, anga na jengo. Akisogea, moshi unavunjika kuwa vigae vya kijivu na samawati, na janga lenyewe linatoweka machoni. Akirudi nyuma, linarudi. Hatua hizo za kwenda na kurudi ndizo sanaa yenyewe, na mtazamaji ndiye anayeikamilisha.

Kwa hiyo ni vyema kuwaangalia watu kabla ya kuziangalia picha. Je, wanasogea? Wanarudi? Picha kubwa ambayo kila mmoja husimama mbele yake mahali palepale, akaipiga picha kwa simu na kupita, imekuzwa kwa ajili ya fahari tu. Tena kazi ya aina ya Ruff ikitundikwa kwenye korido nyembamba imeuawa, hata kama imechapwa kwa ustadi: mtazamaji hana pa kurudi.

Suala gumu zaidi ni udanganyifu. Kuibadilisha picha kwa kompyuta si jambo jipya: Andreas Gursky alifuta majengo kwenye ukingo wa mto katika Rhein II ya mwaka 1999, na mwaka 2011 picha hiyo ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 4. Leo kumdanganya mtazamaji peke yake hakutoshi. Jonas Bendiksen, Mnorwe wa shirika la wapiga picha la Magnum, alikwenda Veles, mji wa Makedonia Kaskazini uliojulikana kwa tovuti za habari za uongo wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 2016. Alipiga picha mahali patupu, kisha akapachika watu na dubu waliotengenezwa kwa kompyuta. Kazi hiyo ikaonyeshwa mwaka 2021 katika tamasha la Visa pour l'Image, Perpignan, mbele ya wataalamu wa picha za habari, na ikapita. Baadaye Bendiksen mwenyewe alikiri.

Ubora wake uko katika kulingana kwa mada na mbinu: uongo kuhusu mji wa uongo, uliowekwa mbele ya watu wanaoishi kwa kuutambua uongo. Na ukweli ulisemwa. Maonyesho yanayodanganya bila kupanga ni lini na wapi yatakiri yanamtumia mtazamaji vibaya.

Lakini ubuni si lazima uwe mtego. Mkenya Osborne Macharia huwavika wazee mavazi ya kifahari na kuwatungia historia ambayo hawakuwa nayo, ili mtazamaji awafikirie upya. Hapo kinachopimwa ni upana wa fikra.

Mwisho ni mpangilio, ambao wengi husahau kuukagua. Trevor Paglen, katika ukumbi wa Barbican, London, mwaka 2019, alibandika takriban picha 30,000 kutoka ImageNet, hazina ya picha zaidi ya milioni 14 iliyotumika kufundishia kompyuta kutambua vitu. Ukuta ulianza na matufaha, na hakuna wa kubishana na tufaha. Kadiri mgeni alivyotembea, vitu vikawa watu, na watu wakawa na vibandiko kama "mdaiwa". Yupi anaonekana usoni kwamba anadaiwa? Swali hilo lilizaliwa na mfuatano wa picha, bila kuhitaji maelezo marefu ukutani. Septemba ya mwaka huohuo, baada ya Paglen na mtafiti Kate Crawford kutoa programu iliyowaonyesha watu majina ambayo hazina hiyo ingewapa, wasimamizi wa ImageNet walitangaza kuondoa picha 600,000 za watu.