Kupiga « Masanga »: maneno machache juu ya wapenda gitaa

Tukizungumza juu ya gitaa ya Katanga, wengi wetu tunatosheka na kutaja jina la Mwenda wa Bayeke, kisha basi. Jina tunalo. Mchezo wenyewe uko wapi?

Mwenda Jean-Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, njo Likasi ya leo, akamrekodi « Masanga ». Alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kile cha kuonyeshea. Gumba linatembea kwa kamba nene, kidole kingine kinaimba juu. Na gumba halifuati tu kama ngoma, nalo lina maneno yake. Disiki ilizunguka sana: Mwenda aliitwa Nairobi mwaka 1959, na mwaka 1969 akapiga Newport, Marekani, kwa sikukuu ya muziki wa folki.

Wageni wapenda gitaa wakaanza kujifunza. David Rycroft aliandika noti za Mwenda na kuzichapisha mwaka 1961 na 1962. John Low alisafiri mpaka kwetu, akajifunza kwa wapiga gitaa wenyewe; kitabu chake, Shaba Diary, kilitoka Vienna mwaka 1982. Huyu tunamsifu bila kinyongo. Alikaa chini, akaangalia mikono, akauliza.

Wengi waliofuata walichukua karatasi tu. Tumewasikia: kila noti iko pahali pake, gumba linapiga sawa saa ya ukuta, na wimbo umelala. Hata hivyo Rycroft alikwisha onya kwa kichwa cha makala yake, kwani alitaja kule kubuni palepale kwa Mwenda. Ukisikiliza rekodi mbili za « Masanga » utaona mzee hakuirudilia vilevile. Kuiga disiki moja noti kwa noti ni kuiga alichopiga siku ile moja.

Wapenda mandolini wa bluegrass, ule muziki wa Bill Monroe wa Kentucky, nao wanaiga disiki, tena kwa bidii. Lakini wana desturi moja tunayowaonea wivu: wanakutana, wanakaa mviringo, mmoja anaanzisha wimbo, na kila mutu anapewa zamu yake. Ukiwa umekariri tu, zamu yako itakuumbua, kwa sababu mwendo wanautoa wenzako.

Na sisi je? Vijana wetu wana gitaa ya umeme na sebene ya Kinshasa. Hatuwalaumu, ni ile inaleta franga kwa arusi. Lakini mwambie mmoja apige « Masanga »: anapiga kipande cha mwanzo, anacheka, anaacha. Mwenda alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1990, na bazee waliomwangalia mikono wanapunguka kila mwaka. Sisi walimu tunaandika solfeji ubaoni, tena bila chombo hata kimoja darasani (ni kama kufundisha kuogelea kwa chaki).

Chama chetu kina chumba ambacho siku ya Mungu mchana kinabaki kitupu. Yatosha gitaa kavu mbili, mzee mmoja anayekumbuka, na vijana watatu wane wakae mbele yake, karatasi zibaki nyumbani kwanza. Kamba ikikatika, tutachanga.