KATAVI kwa Herufi Nene

Liandike neno KATAVI kwa herufi kubwa, kisha litazame. Halina mviringo hata mmoja. Kuanzia K hadi I ni mistari mitupu: ya kusimama, ya kulala, ya kuinama. Simulizi za Wabende zinamtaja Katabi, mwindaji ambaye mzimu wake hukaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Laiti jina lingebaki na B yake, wachora mabango wa Mpanda, mkoani Katavi, wangepata walau matumbo mawili ya kulainishia kazi.

Mkoa ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, neno hilo likatakiwa kila mahali, kwenye kuta za ofisi, mageti ya shule, milango ya magari. Herufi inayolifaa ni ile nene isiyo na vijikia, iliyojengwa kwa duara, mraba na pembetatu. Kiangazi vumbi hupanda ukutani, na msomaji mwenyewe yuko nyuma ya bodaboda. Herufi nyembamba humpita.

Maarufu kuliko zote za ukoo huo ni Futura, iliyosanifiwa na Mjerumani Paul Renner na kutolewa mwaka 1927. Bamba lililoachwa mwezini mwaka 1969 liliandikwa kwa Futura. Ukiitazama utadhani rula na bikari zinatosha. Kumbe imejaa ulaghai wa makusudi! Ncha ya A imepitishwa juu ya mstari kidogo, maana ikiishia pale pale jicho huiona fupi. Mistari ya kulala imepunguzwa unene, la sivyo ingeonekana mizito kuliko ya kusimama.

Ulaghai huohuo nimeuona Mpanda, kwenye ukuta wa duka. Fundi alipiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, akachora K, kisha akasahau rula kabisa. Mguu wa A aliuingiza chini ya kwapa la T. A ya pili akaiingiza kwapa la upande wa pili. V akailaza ubavuni mwa A, zikaenda sambamba kama watu wawili waliolalia kitanda kimoja. Nilikumbuka bango la shule moja lililochapwa kwa kompyuta, nafasi zote zikiwa sawa kwa kipimo. Lilisomeka KA T A VI, na watoto walilisoma hivyohivyo, kwa vituo.

Alipomaliza I alivuka barabara, akafumba jicho moja.

“Mwalimu, hiyo I unaionaje?”

“Iko sawa, fundi.”

Hakunijibu. Alirudi, akachovya kitambaa kwenye tina, akaifuta I yote, akaianza upya upana wa kidole kushoto.