Uzuri wa Amri Moja

Ukitaka kumjua fundi wa programu aliyetulia, angalia mstari anaoundia faili jipya.

Tuchukue kompyuta ya shule ya sekondari, popote kati ya Mbulu mjini na Katesh, nchini Tanzania. Inatumia Linux, walimu na wanafunzi kila mmoja ana akaunti yake. Mwalimu anatunga mtihani wa muhula, na programu inaweka nakala ya muda kwenye folda ambayo wote wanaifikia. Mwandishi wa programu mwenye haraka huunda faili kwanza, ndipo abadili ruhusa. Kwa kawaida faili hilo huanza na 644: mwenyewe anasoma na kuandika, wengine wote wanasoma. Amri inayofuata hulifanya 600, lisomwe na mwenyewe tu. Kati ya amri hizo mbili pana mwanya usiofika kufumba na kufumbua.

Mwanya huo unatosha. Mwanafunzi huacha programu ndogo ikilivizia faili bila kuchoka. Ikiwahi kulifungua, hata likiwa bado tupu, 600 inayokuja baadaye haimtoi, kwa sababu mfumo hukagua ruhusa wakati wa kufungua, haukagui tena kila anaposoma. Mwalimu ataona ruhusa ziko sawa, na huku kila swali analoongeza linasomwa.

Fundi stadi hashindani kwa mbio. Anauondoa mwanya wenyewe. Kwa amri moja ya kufungua faili, open, anaagiza mambo matatu: unda faili, kataa kama jina hilo lipo tayari, na ruhusa iwe 600 tangu mwanzo. Sharti la kukataa nalo lina kazi yake: humzuia mjanja aliyetangulia kutega faili lake kwa jina lilelile. Wajenzi wa Kiiraqw wa zamani, waliochimba nyumba ubavuni mwa vilima vya Mbulu na kuziezeka kwa udongo, walikuwa na busara hiyohiyo: ulinzi ulikuwa ndani ya ujenzi.

Mwaka 1996 watafiti Matt Bishop na Michael Dilger walichapisha njia ya kuvumbua mianya hii kwa kuchambua programu zenyewe. Kazi yao ilihitajika, maana kwa mtumiaji programu mbovu na nzuri hufanya kazi sawasawa. Hakuna atakayemshukuru fundi kwa wizi ambao haukutokea. Naye bado huandika amri moja pale ambapo mbili zingeonekana kutosha, na kwangu hiyo ndiyo heshima kubwa anayompa mwalimu asiyemjua.