Sifa ya Mgeuza Mawe

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini wengi wanaoua nyoka hawajaumwa hata siku moja. Mashariki mwa Marekani yuko mnyama aliyeponzwa na uvumi: nyoka wa maziwa, Lampropeltis triangulum. Wakulima walimkuta zizini wakasadiki kwamba usiku hunyonya ng'ombe. Hana midomo ya kunyonyea. Kilichompeleka huko ni panya. Ndiyo maana nawasifu wanaojua kumtafuta porini, kumtambua, kisha wakamwacha aende zake.

Kumpata kunataka ujuzi wa majira na ardhi. Wakati wa joto kali hutembea usiku, na mchana hujificha chini ya mawe bapa, magogo yaliyooza na mabati yaliyotupwa kwenye mashamba ya zamani. Baridi ikishapungua, jua likilipasha jiwe na udongo wa chini ungali na unyevu, mtafutaji huinama. Hushika ukingo wa mbali akalivuta jiwe kuelekea kwake, liwe ngao kati ya miguu yake na chochote kilicholala chini. Akishaona alichokuja kuona, hulirudisha palepale, ukingo kwa ukingo, maana likiachwa limepinduka unyevu hukauka na wadudu, mijusi na nyoka hukosa makao. Mtafutaji hodari hujulikana kwa mawe aliyoyarudisha.

Kumtambua ndiko kwenye kazi hasa. Nyoka aitwaye copperhead, mwenye sumu, naye ana mabaka ya hudhurungi. Tazama umbo: mabaka ya copperhead hubana mgongoni na kupanuka ubavuni, ilhali ya nyoka wa maziwa ni mapana mgongoni na yamezungushiwa ukingo mweusi. Kisogoni nyoka wa maziwa mara nyingi ana alama ya rangi nyepesi yenye umbo la Y au V. Magamba yake ni laini na yanang'aa, na tumbo lake lina miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Kutikisa mkia kwenye majani makavu si ushahidi wa sumu. Hata yeye hufanya hivyo akitishwa.

Kusini zaidi wako ndugu zake wenye pete nyekundu, nyeusi na njano, wanaofanana na nyoka wa matumbawe, ambaye ana sumu kali. Nchini Marekani watu hufundishana kwamba nyekundu ikigusana na njano ni hatari, ikigusana na nyeusi ni salama. Kanuni hiyo haiaminiki Amerika ya Kati na Kusini, kwa hiyo mjuzi hategemei alama moja. Hata wanasayansi hawajaacha kumchunguza nyoka wa maziwa: mwaka 2014, watafiti waliosoma vinasaba walipendekeza kumgawa katika spishi 7.

Basi msomaji, ukikutana na nyoka usiyemjua, rudi nyuma, mtazame kwa mbali, umpe njia. Kumjua kunahitaji subira. Kumuua hakukufundishi kitu.