Mtendaji Aliyefichwa

Sisi tunaosomesha Kiswahili Uganda twayategemea sana magazeti ya Kenya na Tanzania kuwa vitabu vya ziada darasani. Yatupasa basi kuipima lugha yake, hasa yanapoandika habari za ukeketaji na za watoto wa kike wanaoozwa.

Kwa miaka mingi yaliandika “tohara ya wanawake”. Asili ya tohara ni usafi, hata neno lenyewe likawa limekwisha kukisifu kitendo kabla habari haijaanza. Siku hizi “ukeketaji” limeshika, nasi twalipongeza: kukeketa ni kukata kwa kifaa butu.

Lakini kosa kubwa limebaki katika kitenzi. Aghalabu vichwa vya habari huwa vya namna hii: “Wasichana wakeketwa”, “Mwanafunzi aolewa”. Nani aliyewakeketa? Kauli ya kutendwa imemfuta ngariba, ikamfuta na mzazi aliyemwita. Kichwa cha pili kina hila zaidi. Kiswahili kimetupa vitenzi vitatu: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, mzazi huoza. Ikiandikwa kwamba mtoto wa miaka 13 “ameolewa”, baba na mahari aliyopokea wameondolewa, akabaki mtoto na mume, kana kwamba shauri walilipanga wao wawili. Iandikwe: “Baba amwoza bintiye.” Twajua mhariri huogopa kumtaja mtu kabla mahakama haijasema, lakini kuandika “ngariba” au “baba” si kumtaja mtu kwa jina.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 haina haya hiyo: humwadhibu anayekeketa na anayemsaidia pia.

Mahali pa mtendaji magazeti huweka “mila potofu”. Mila haina mikono. Tena fungu hilo huihukumu jamii nzima, wanaotenda pamoja na wanaokataa. Chama cha Wazee wa Wasabiny, huko Kapchorwa, kilipata Tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Idadi ya Watu mwaka 1998 kwa kuupiga vita ukeketaji. Msomaji aliyezoea “mila potofu” atawaonaje wazee hao, ambao nao ni watu wa mila?

Mwalimu na achukue habari moja ya namna hii, awape wanafunzi waigeuze kauli ya kutendwa iwe ya kutenda. Wakikosa wa kumweka mbele ya kitenzi, watatambua ni swali gani mwandishi hakuuliza.